Piano Huanzia Kushoto

Bibi yangu hakupokea kitu kilichotolewa kwa mkono wa kushoto. Ukimpelekea kikombe kwa shoto, mikono yake ilibaki mapajani, akakutazama mpaka ukumbuke mwenyewe na kubadilisha. Lugha nayo ilikuwa upande wake: mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, wazee wa pwani wakauita pia mkono wa kuume, na wa pili wakauita wa kike. Sina ugomvi na adabu ya bibi. Ugomvi wangu ni kuona adabu hiyo imetufuata hadi kwenye piano, mahali ambapo haikualikwa, na inawapotezea wanafunzi wetu miaka.

Mimi ni mmoja wa waliopotezewa. Mwalimu wangu wa kwanza alinifundisha mkono wa kulia peke yake kwa karibu mwaka mzima. Nyimbo za tenzi, nyimbo za Krismasi, zote kwa kulia. Nilipomuuliza wa kushoto tutaanza lini, alinijibu, "Utakuja wenyewe." Haukuja. Siku nilipokaa kwa mara ya kwanza na mpiga ngoma na mpiga gitaa la besi, mkono wa kulia uliimba bila shida, wa kushoto ukakakamaa juu ya vitufe, haujui uingie wapi wala utoke wapi. Ilinichukua miaka mitatu kuurudisha nyuma ukajifunze ilichopasa kujifunza mwezi wa kwanza. Leo nafundisha siku za Jumamosi, watoto na watu wazima, na wengi wanaonijia wakiwa wameshaanza kwingine wana pengo hilo hilo.

Tuni ndiyo inayosikika, kwa hiyo tunadhani ndiyo inayobeba wimbo. Lakini fuata historia ya piano kuanzia Ujerumani ya Bach hadi vilabu vya jazi vya New York, utaona mambo makubwa yametokea upande wa kushoto. Muziki ulipogeuka, ulikuwa umeupa mkono huo kazi mpya. Anayetaka kuijua piano aanzie hapo, na sisemi hivi kwa kutia chumvi.

Kuna jaribio ambalo yeyote mwenye piano ya nyuzi anaweza kulifanya leo jioni. Piano ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. C ni kile cheupe kilicho kushoto tu ya kila jozi ya vyeusi viwili. Chukua C ya pili kuhesabu kutoka mwisho wa kushoto. Sasa panda na mkono wa kulia: pita C inayofuata, simama kwenye G iliyo juu yake, cheupe cha tano ukihesabu na C hiyo. Ikandamize hiyo G polepole mno, isilie, uishikilie hapo hapo chini. Kisha kwa mkono wa kushoto ipige ile C nzito kwa nguvu na uiachie mara moja. C itakatika. G, ambayo hukuipiga, itabaki inaimba. Rudia kwa E iliyo juu tu ya C ya katikati ya piano, cheupe cha tatu ukihesabu na C hiyo. Nayo itaimba, kwa sauti ndogo zaidi.

C, G, E: do, so, mi. Hakuna aliyeziweka pale. Zimo ndani ya uzi mmoja wa besi, na nyuzi za juu zimeitikia tu zilipoitwa. (Kwenye kinanda kidogo cha umeme hutalisikia hili, maana hakina nyuzi.) Wapiga vinanda wa kwaya huziita noti tatu zinazolia pamoja kodi, na wengi wetu tumefundishwa kwamba kodi ni kitu cha kubandikwa juu ya besi, kama sufuria juu ya jiko. Sikio linasema vingine: kodi inatoka ndani ya besi. Na ndiyo maana ukiipiga C na E pamoja kule chini kabisa unapata mngurumo usioeleweka. C ina watoto wake wanaoimba juu yake, E ina wa kwake, na wa huyu wanagombana na wa yule. Lishike hilo, tutalihitaji.

Wapiga vinanda wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18 walilijua jambo hili kwa mikono. Kazi yao ya kila siku, kanisani na kwenye majumba ya wakubwa, haikuwa kupiga tuni. Mtunzi aliwaandikia mstari mmoja tu, wa besi, kwa ajili ya mkono wa kushoto, akatia tarakimu kwenye noti zake. G yenye 7 maana yake: juu ya G jenga B, D na F. E yenye 6: juu yake weka G na C, yaani kodi ya C iliyokalia mi badala ya do. Mkono wa kulia haukuandikiwa kitu. Ulibuni papo hapo kwa kufuata tarakimu, leo hivi na kesho vingine.

Kila ninapowaeleza hili vijana wa jazi wanashangaa, kwa sababu ndiyo kazi yao wenyewe, ila imepinduliwa. Karatasi ya jazi inakupa tuni na majina ya kodi, basi. Kilichobaki, na hasa upande wa kushoto, unakitafuta mwenyewe ukiwa jukwaani. Mpiga hapsikodi, kinanda kilichotangulia piano, wa 1720 alipewa chini akabuni juu. Mpiga piano wa 1950 alipewa juu akabuni chini. Ile hadithi kwamba klasiki ni ya kusoma na jazi ni ya kubuni haina mizizi mirefu. Ni wajukuu wa mila moja, na mila hiyo ilianzia kwenye besi.

Johann Sebastian Bach aliishi ndani ya mila hiyo, kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo sijaona kitabu cha wanaoanza kilichokipita. Mwaka 1723 alinakili kwa mkono wake vipande 30 vya kufundishia, 15 vya sauti mbili na 15 vya sauti tatu. Vilikuwa vimeanzia kwenye daftari alilolifungua mwaka 1720 kwa ajili ya mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann, aliyekuwa na miaka tisa. Angalia cha kwanza, kilicho kwenye kii ya C, yaani do yake ni C. Mkono wa kulia unasema: do re mi fa re mi do, so. Ukishafika tu kwenye so, wa kushoto unaingia na maneno yale yale, oktavu moja chini, yaani kuanzia do inayofuata upande wa kushoto, huku wa kulia ukiendelea na yake. Ni kiongozi na mwitikiaji. Kisha kwenye kipimo cha saba, yaani fungu la saba la mapigo, viti vinabadilishwa: wa kushoto unaongoza, wa kulia unaitika. Baba anamwambia mtoto wa miaka tisa kwamba hakuna mkono wa kwanza na wa pili. Sisi mtoto wa umri huo tunampa kitabu ambacho mkono wake wa kushoto unashikilia noti moja mpaka mstari uishe.

Tulifikaje hapa? Chombo chenyewe kilichangia. Karibu mwaka 1700, mjini Florence, Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda wa familia ya Medici, alitengeneza kinanda kinachopiga nyuzi kwa nyundo badala ya kuzidonoa kama hapsikodi. Piano zake tatu zipo hadi leo, na ile ya 1720 iko katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Nyundo inatii kidole: ukigusa kwa upole inalia kwa upole. Sasa mkono mmoja uliweza kunong'ona wakati mwingine unaimba, na watunzi wakaamua nani anong'one. Domenico Alberti, Mwitalia aliyefariki 1746, ameacha jina lake kwenye mtindo wa kuivunja kodi kuwa do so mi so, do so mi so, mfululizo. Mozart aliutumia mwanzoni mwa sonata yake ya C ya mwaka 1788, ile ambayo katika orodha yake mwenyewe aliieleza kuwa ni ya wanaoanza.

Ni muziki mzuri na naufundisha kwa furaha. Hata humo, ukiupiga mkono wa kushoto peke yake, utaona jambo. Kipimo cha kwanza ni C G E G. Cha pili kinaanza D G F G. So haikusogea. Do imepanda kidogo hadi re, mi imepanda kidogo hadi fa, na tayari kodi ni nyingine. Vidole viwili vimesogea hatua moja moja na nyumba nzima imehama. Mwanafunzi akiliona hilo mapema, akili yake inafunguka. Tatizo ni kwamba tunampitisha haraka ili akaisikie tuni, naye anaondoka akiamini kwamba kushoto ni mashine ya kusindikiza.

Chopin, mtunzi wa Kipolandi, hakuamini hivyo. Wanafunzi wake wa Paris walikumbuka akiwaambia kwamba mkono wa kushoto ndiye kiongozi wa okestra: usiyumbe, hata kama wa kulia unachelewa au unakimbilia mbele. Aliyemsikiliza mwimbaji wa taarabu akijivuta nyuma ya dumbaki isiyomngoja anaijua ladha hiyo, hahitaji maelezo ya Kipolandi wala ya Kifaransa. Na tazama Chopin alivyoziweka noti zenyewe katika vipande vyake vya usiku: do chini kabisa, so juu yake, kisha mi mbali huko juu, mguu ukiwa kwenye pedali ili zote zikae pamoja. Ni mpangilio ule ule uliousikia ndani ya uzi wa besi. C na E zilizokuwa zikigombana kule chini zimepewa nafasi ya kutosha kati yao, zimepatana.

Mtu anayetaka ushahidi mzito zaidi aende Vienna. Paul Wittgenstein, kaka wa mwanafalsafa Ludwig, alipoteza mkono wa kulia mwaka 1914 katika Vita Kuu ya Kwanza. Hakuacha piano. Aliwaagiza watunzi wakubwa wa zama zake wamwandikie kazi za mkono wa kushoto peke yake, na Maurice Ravel akamwandikia konseto, kazi ya piano na okestra, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mjini humo Januari 1932. Ravel alikuwa ameizunguka Marekani mwaka 1928 na kuisikia jazi kwa masikio yake, na katikati ya konseto hiyo jazi inasikika waziwazi. Ukiisikiliza rekodi yake ukiwa umefumba macho utaapa mikono ni miwili. Siri moja iko kwenye mwili. Mkono wa kulia ukipiga kodi, tuni inaangukia kidole cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vyote. Mkono wa kushoto ukipiga kodi, noti ya juu iko kwenye gumba, kidole chenye nguvu na kinachojitegemea. Kushoto kumeumbwa kubeba besi kwa kidole kidogo na kuimba kwa gumba kwa wakati mmoja. Sijui kwa nini hatuwaambii watoto hili siku ya kwanza.

Lakini mahali ambapo mkono wa kushoto ulipata uhuru wake kamili ni Marekani, kwa Waamerika weusi. Scott Joplin alipotoa "Maple Leaf Rag" mwaka 1899 huko Sedalia, Missouri, aliupa kazi ya bendi nzima ya matarumbeta: besi chini, kodi katikati, besi chini, kodi katikati, bila kuchoka, na mkono wa kulia ukauvunja mdundo juu yake. Harlem, New York, wakaliendeleza. James P. Johnson na wenzake waliirefusha safari ya mkono: besi ikashuka chini zaidi, mara nyingi ikiwa noti mbili zilizo umbali wa do hadi mi ya oktavu ya pili, karibu sentimita 21 kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kingine, kisha mkono ukaruka hadi katikati ya piano kuikamata kodi, ukarudi chini tena, mara mbili katika kila kipimo, kwa kasi. Macho hayana nafasi ya kuufuata. Lazima mkono uijue njia gizani.

Walifanya hivyo kwa sababu za maisha. Katika nyumba za Harlem watu waliandaa karamu, wakatoza kiingilio ili wapate pango la mwezi, na mpiga piano alikuwa ndiye bendi. Hakukuwa na mpiga ngoma wala besi. Mkono wa kushoto ukilegea, watu wanakaa chini. Johnson alirekodi "Carolina Shout" mwaka 1921, na kipande hicho kilikuwa pia kwenye karatasi za matundu, zile zinazoendesha piano ya kujipiga yenyewe. Duke Ellington, kijana wa Washington, aliipunguza kasi piano ya namna hiyo, akatazama vitufe vinavyozama, akaweka vidole vyake humo humo mpaka akakijua. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa karne ya 20. Darasa lake lilikuwa vitufe vinavyozama vyenyewe, na nusu ya alichokuwa akikifukuzia ilikuwa ni ule mkono unaoruka.

Halafu ukaja mgeuko ambao wanafunzi wetu wengi wanauruka. Count Basie, mpiga piano naye, alipitia Harlem, alijifunza kwa Fats Waller wa huko, angeweza kuruka kama wao. Lakini huko Kansas City alijikuta na Walter Page kwenye besi kubwa ya kusimama, Jo Jones kwenye ngoma, na baadaye Freddie Green kwenye gitaa. Besi ilikuwa inatembea, mapigo yalikuwa yanatembea. Basie akaunyamazisha mkono wa kushoto, akabaki anadondoshea noti moja hapa, mbili pale. Watu husema alikuwa mvivu wa noti. Mimi naona alikuwa msikilizaji: alijua kazi ile sasa ina mtu wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bud Powell aliupunguza zaidi ukawa mifupa mitupu, noti mbili tu, ya msingi na ya saba, G na F, C na B, ili mkono wa kulia ukimbie bila kuzuiwa.

Na baada ya Powell akaja Bill Evans. Chukua safari inayorudiwa kuliko zote katika jazi: kodi ya D ndogo, kisha ya G, kisha kurudi nyumbani kwa C. Kwa D, Evans anaweka mkono wa kushoto hivi: F, A, C, E. Hiyo D yenyewe haimo. Kwa G anaweka F, A, B, E. Wala G haimo. Kwa C anaweka E, G, B, D, na C haimo. Ukizipiga polepole utaona kitu kizuri sana: kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kidole kimoja tu kimesogea, C imeshuka nusu toni ikawa B. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, B imebaki pale pale na wengine watatu wameshuka hatua moja moja. Ni ile ile so ya Mozart isiyosogea, karibu miaka 170 baadaye, mjini New York. Mkono haurukiruki tena. Unakaa katikati ya piano na kugeuza nyumba nzima kwa kidole kimoja.

Msingi uliokosekana ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Scott LaFaro, mpiga besi wa Evans, hakuridhika na kukanyaga noti za msingi tu. Alijibizana na piano kama mtu wa pili katika mazungumzo. Rekodi walizofanya na Paul Motian kwenye ngoma katika klabu ya Village Vanguard, tarehe 25 Juni 1961, ndizo ninazozirudia kuliko zote nilizonazo. Siku 11 baadaye LaFaro alifariki katika ajali ya gari akiwa na miaka 25. Sikiliza mkono wa kushoto wa Evans katika rekodi hizo, utasikia mtu anayemwamini mwenzake kiasi cha kumwachia sakafu.

Hapa ndipo naona madhara ya kuruka hatua. Vijana wetu wanajifunza kwa video za mtandaoni, na video zinapenda F, A, C, E kwa sababu ina ladha ya kisasa. Kijana anaipiga peke yake sebuleni, hakuna besi, na sikio lake linasikia kodi ya F. Hajui D iko wapi. Amefika kwa Evans bila kupita kwa Johnson. Amejifunza kuiacha noti ambayo hajawahi kuishika. Na kinyume chake nakisikia kanisani: mpiga gitaa la besi yupo, anafanya kazi yake vizuri, na mpiga kinanda anamkanyagia noti zile zile kule chini kwa vidole vitatu, mpaka hakuna anayesikika. Wa kwanza anahitaji kuujaza mkono wa kushoto, wa pili anahitaji kuupunguza, na wote wawili hawajawahi kufundishwa kwamba mkono huo una uamuzi wa kufanya.

Bara letu lina jibu lake pia. Katika mitaa ya makazi duni ya Johannesburg, wapiga vinanda wa marabi, muziki wa dansi wa huko, walizungusha kodi zile zile kuu kwa usiku mzima, do, fa, do, so, na kurudi. Abdullah Ibrahim wa Cape Town alikua na hiyo. Mwaka 1969 alipiga piano peke yake mjini Copenhagen, na onyesho hilo likatolewa kama rekodi inayofunguliwa na kipande kiitwacho "Bra Joe from Kilimanjaro". Mkono wa kushoto umeshika mzunguko mmoja mfupi na hauuachii. Hauna haraka ya kwenda popote. Nilipousikia mara ya kwanza nilidhani kuna mpiga ngoma nyuma. Huku kwetu bendi zilizojiita jazi, Morogoro Jazz, Western Jazz na nyingine, zilikuwa za magitaa na hazikuwa na shida hii, maana kila mcheza dansi alijua kwamba gitaa la besi likikosea mguu wake unakosea. Tulilijua jambo hili kwa miguu, tukalisahau tulipokaa mbele ya piano.

Kilichotusahaulisha zaidi, kwa maoni yangu, ni kinanda cha kujisindikiza. Vimejaa makanisani na kwenye kumbi za harusi. Mkono wa kushoto unabonyeza vidole vitatu, na mashine inatoa besi, ngoma na gitaa. Kibonyezo kingine kinahamisha kii, hivyo mtu anapiga kila wimbo kwenye vitufe vyeupe vya C na mashine inampandisha hadi E au kumshusha hadi B. Nawaelewa wanaovitumia: mwimbishaji mmoja, ibada tatu, hakuna pesa ya bendi. Siwalaumu. Ninachosema ni kwamba mtoto anayejifunzia kwenye mashine hiyo anapokea mkono wa kushoto uliokwisha kufanyiwa kazi, na siku umeme ukikatika hana wimbo.

Wazazi hunipinga kwa hoja moja, na ni hoja ya kweli: mtoto asiposikia wimbo anaoujua anakata tamaa. Mwezi wa besi tupu utamchosha. Nilihofia hivyo pia, mpaka nilipokumbuka tulicho nacho tayari. Watoto wengi ninaowafundisha wamelelewa kwenye kwaya. Wameona karatasi za do re mi zenye mistari minne, wamekaa karibu na baba au mjomba anayeimba sauti ya nne. Wanaijua besi, hawajui tu kwamba wanaijua. Kwa hiyo simpi mtoto mazoezi. Nampa sauti ya nne ya wimbo anaoimba kila Jumapili, aipige kwa mkono wa kushoto, polepole, huku akiimba sauti ya kwanza kwa mdomo wake. Mkono wa kulia unakaa mapajani. Wiki ya tatu au ya nne anaongeza sauti ya tatu kwa gumba la kushoto, na hapo anaisikia kodi ikijengeka chini ya wimbo wake mwenyewe. Mkono wa kulia ukija baadaye unakuta nyumba ina sakafu.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye nyumba moja, mwanafunzi wa miaka kumi, wiki yake ya pili. Siku hiyo alikuwa na haya, hakutaka kuimba, akapiga tu ile sauti ya nne kwa kushoto: do ndefu, fa, so, do, vidole vikitafuta njia. Mtu asiyejua angesema hapo hakuna wimbo. Bibi yake alikuwa uani, ungo mapajani, anachagua mchele. Kwenye mstari wa pili tukamsikia ameuingia ubeti kutoka kule nje, sauti ya kwanza, maneno yote, bila kukosea. Mtoto aligeuka akautazama mlango, akageuka tena, akaongeza nguvu kidogo kwenye kidole kidogo, akamfuata bibi yake mpaka ubeti ukaisha.